Ukoka wa Uwanja Mdogo

Kila siku baada ya masomo, Shoto alipitia bustani ya mtaa, mahali shangazi yake alipokuwa mtunza bustani. Aliitwa Shoto kwa sababu alifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto. Alijaza ndoo maji, akang'oa magugu, kisha akachuchumaa kando ya uwanja mdogo kuuangalia ukoka.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu yeye na wenzake wa darasa la sita waondoe kifusi na kupanda ukoka huo. Mkaguzi wa manispaa alikuwa amewaambia wazi: "Nitakuja mwisho wa mwezi ujao. Nikikuta majani yameshika ardhi, uwanja ni wa watoto. Nikikuta vumbi, hapa pataegeshwa magari."

"Shangazi, mbona majani hayakui?" Shoto aliuliza. "Mbolea ya chumvichumvi imejaa stoo. Tuyamwagie yashibe!"

Shangazi alicheka. "Mtoto mchanga hatafuni nyama, mwanangu. Jumamosi tutaweka kidogo tu, halafu tumwagilie. Tena mbali na mtaro, maana mvua ikiisomba mbolea itaishia mtoni."

Moyoni Shoto hakukubali. Kidogo kitafaa nini?

Ijumaa alfajiri, siku ambayo shangazi alikuwa na kazi bustani nyingine, Shoto alifungua stoo, akachota ndoo nzima. Akarusha konzi baada ya konzi juu ya majani yaliyolowa umande. Kisha akakimbilia shule bila kumwagilia hata tone la maji.

Jumamosi wanafunzi walipofika, walipigwa na butwaa. Uwanja mzima ulikuwa na michirizi ya kahawia, kama umepigwa pasi ya moto.

"Ni Mpira huyu!" mmoja alifoka. "Kila siku anakanyaga hapa."

"Mimi?" Mpira, mvulana aliyependa kandanda kuliko chakula, alijipiga kifua. "Nimezila nyasi mimi? Kwani mimi mbuzi?"

Wengine walicheka, lakini macho ya Mpira yalianza kulengalenga machozi. Shoto aliyaona.

"Mwacheni," alisema. "Ni mimi. Nilimwaga mbolea ndoo nzima jana."

Shangazi alipiga goti, akaonyesha michirizi kwa kidole. "Yote imepinda upande mmoja, kama mkono wa kushoto ulioirusha mbolea. Nilijua tangu nilipoiona. Nilikuwa nangoja mdomo wako useme."

"Basi tumekwisha?" Shoto aliuliza huku akilia.

"Majani yameungua, mizizi bado haijafa. Futa machozi, shika fagio!"

Walizifagia taratibu punje za mbolea zilizobaki, wakazirudisha kwenye ndoo. Wakainua tuta la udongo kando ya mtaro ili maji yenye mbolea yasitoroke. Kwa wiki nzima Shoto aliamka mapema kuliko jogoo, akamwagilia polepole mpaka udongo wa chini ukalowa. Siku ya tatu alimkuta Mpira langoni na ndoo yake.

"Usinishukuru," Mpira alisema. "Nataka uwanja wangu."

Baadaye walichekecha mboji iliyotokana na majani makavu na maganda ya jikoni, wakaitandaza nyembamba, hata ukoka ukachungulia juu yake. Siku zilivyokwenda, vikonyo vya kijani vikatambaa na kuiziba michirizi. Walipokata majani kwa mara ya kwanza, Mpira alileta reki ili ayazoe.

"Yaache hapohapo," shangazi alisema. "Yataoza, yawe chakula cha ukoka wenyewe."

Mwisho wa mwezi aliousema, mkaguzi alifika. Alichuchumaa, akashika fungu la majani, akavuta. Akavuta tena kwa mikono miwili mpaka kofia ikamdondoka. Ukoka haukung'oka.

"Umegoma!" alisema, akihema. "Wenye magari watafute pengine. Uwanja ni wenu!"

Shangwe zilipasua anga. Mpira alibingirika kama pipa. Shoto alivua viatu, akasimama katikati ya uwanja, majani yakimtekenya nyayo.

Shangazi alimshika bega. "Umeona? Mmea hushiba kwa kipimo chake, si kwa haraka yetu. Na kosa linalosemwa mapema hutibika mapema. Ungelificha siku ile, tungemlaumu Mpira huku mizizi ikifa. Haya, nenda kacheze. Uwanja umeustahili."