Wayua Aandikwa Miaka Sitini

Siku za Jumanne na Ijumaa, Wayua hafungui duka lake la ndengu mjini Wote mpaka saa nne. Kabla ya hapo yuko bwawani, kwenye hoteli iliyo nyuma ya soko.

Alianza kuogelea kwa sababu ya magoti. Daktari alimwambia maji yatambebea uzito. Mwanzoni alishikilia ukuta wa bwawa kama mtoto aliyeshika leso ya mamake. Siku hizi huenda na kurudi bila kupumzika, na anajivunia sana, ingawa ni shemasi wa kanisa.

Wenzake ni watatu: Ndunge, Kalunde na Mutanu. Mwalimu wao, Wangechi, alikuwa amewaandikisha kwa mashindano ya watu wazima huko Machakos, mwezi wa nane. Kila mmoja angeogelea peke yake. Kisha wote wanne wangeogelea mbio za kupokezana.

Ijumaa moja mwezi wa saba, Wangechi alifika na simu mkononi. Waandaaji walikuwa wamerudisha orodha ya majina. Jina la Wayua lilikuwa na alama nyekundu na maneno mawili: umri urekebishwe.

"Kumbe wamekushika," Ndunge akasema akicheka. "Ulikuwa unajipunguza miaka ukae na wasichana."

Ndunge hana mdomo wa kufunga. Kufikia jioni, soko zima lilijua kwamba shemasi Wayua anaficha miaka yake. Wayua aliumia moyoni. Hakuwahi kudanganya mtu hata kwenye kipimo cha ndengu.

Jumanne alienda bwawani bila nguo za kuogelea.

"Mwalimu, toa jina langu," alisema. "Siwezi kuitwa mwongo kwa sababu ya kuogelea."

"Ukitoka, mama, mbio za kupokezana hazipo. Hatuna mtu wa nne," Wangechi akamjibu. "Hebu nieleze kwanza. Kwa nini uliandika hamsini na tisa?"

"Kwa sababu ni ukweli. Nilizaliwa tarehe ishirini Novemba, mvua ikianza. Kwetu mama hakuwa anaongezea mtu mwaka kabla mvua ya Novemba inyeshe. Aliona ni kama kuhesabu magunia na mahindi bado yako shambani. Sasa hii ni Julai. Sijafikisha sitini."

Wangechi hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Hukudanganya, mama. Leo uko na hamsini na tisa kweli. Lakini kwa mashindano haya hatuhesabu umri wa leo, wala wa siku ya kuogelea. Tunauliza hivi: tarehe thelathini na moja Desemba mwaka huu, utakuwa na miaka mingapi?"

"Sitini."

"Basi tangu Januari wewe ni wa sitini. Chukua mwaka huu, toa mwaka uliozaliwa. Mwezi hauna kazi hapo. Makundi nayo huenda miaka mitano mitano. Hamsini na tano mpaka hamsini na tisa ni kundi moja. Sitini mpaka sitini na nne ni lingine. Hilo ndilo lako."

Wayua akafikiri. "Kwa hivyo ningeshindana na wadogo wangu?"

"Ndiyo. Ulikuwa unajiumiza bure. Kwa kundi la sitini, wewe ndiye utakuwa mdogo."

Ndunge alikuwa amekaa ukingoni, miguu ndani ya maji. Aliacha kuichezesha.

"Na mbio za kupokezana?" Wayua akauliza.

"Hapo tunajumlisha miaka ya wote wanne. Ndunge hamsini na mbili, Kalunde arobaini na saba, Mutanu arobaini na moja."

Wayua ni mtu wa duka. Alimaliza hesabu kabla ya mwalimu. "Na sitini yangu, mia mbili."

"Mia mbili kamili. Tungekuwa mia moja tisini na tisa, tungewekwa na timu za mia moja sitini, wanawake wa miaka arobaini arobaini. Sasa tunaingia kundi la mia mbili mpaka mia mbili thelathini na tisa. Huo mwaka wako mmoja ndio unatuvusha."

Wayua akaenda nyumbani kuchukua nguo zake za kuogelea.

Huko Machakos, alikuwa wa pili katika kundi lake. Katika mbio za kupokezana aliogelea wa mwisho, na alipogusa ukuta, timu iliyowafuata ilikuwa bado na kiasi cha mkono mmoja kufika. Wote walishinda nishani ya dhahabu ya kundi la mia mbili. Mutanu alilia. Wayua naye akalia kwa furaha, hakujali nani anamwona.

Jumatatu asubuhi, Ndunge alikuja dukani akamshika mkono. Alimpeleka sokoni, meza baada ya meza.

"Mimi ndiye nilisema huyu anaficha miaka," alimwambia kila mwuzaji. "Hakuficha. Ni mimi sikujua vile inahesabiwa. Bila sitini yake, hatungeshinda."

Kwenye meza ya pili Wayua alikuwa ameshamsamehe. Lakini meza zilikuwa ishirini na tatu, na alimwacha azimalize zote.