Siku Saba za Salvator

Mume wangu Salvator ni seremala hapa Gahanga. Asubuhi anapiga randa milango, saa nne anataka fanta baridi. Ana kisukari, mwaka wa nne sasa, na fanta hajaikosa hata wiki moja.

Ujanja wake naujua. Kliniki ikikaribia, siku tatu anaacha fanta, anakula mboga tupu, anapanda kilima cha Rebero kwa miguu. Wanampima kidoleni, sukari nzuri! Anarudi kifua mbele. "Mama Annick, lete fanta!"

Lakini miguu yake ilianza kufa ganzi. Niliogopa watamkata mguu. Seremala atasimamaje?

Jumanne moja akaja Umulisa, mshauri wa afya wa mtaa wetu, na karatasi ya maswali.

"Mzee, siku saba zilizopita, ulimeza dawa siku ngapi?"

"Saba."

"Ulitembea siku ngapi?"

"Saba."

"Ulikagua miguu?"

"Saba!"

Nikaguna. Sisi mgeni akija tunampa jibu la kumfurahisha, basi.

Umulisa hakukasirika. "Mzee, huu si mtihani. Jibu la kweli linatuonyesha tukusaidie wapi. Tena kuna kipimo kingine cha damu. Kinaonyesha sukari ya miezi mitatu hivi."

"Miezi mitatu? Damu inakumbuka?"

"Sukari ikizidi inashikamana na damu. Wengi wanajinyima kliniki ikikaribia, lakini siku tatu za mboga haziifuti."

Alhamisi tukaenda hospitali. Majibu yakatoka: asilimia kumi. Muuguzi akasema wagonjwa wengi wanatakiwa kuwa chini ya saba. Salvator akakaa kwenye benchi, akitazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Yezu wee! Hata fanta za harusi ya mpwa wangu Armel zimo humu!"

Nilishangaa hadi nikasahau kumcheka. Kumbe mwili unatunza habari zetu zote, kimya kimya!

Umulisa aliporudi, akauliza tena. Dawa? Siku nne. Kutembea? Moja. Miguu?

"Sijawahi," akasema Salvator kwa sauti ndogo.

"Basi tuangalie sasa hivi."

Akavua kandambili. Msumari mdogo ulikuwa umetoboa soli hadi kisiginoni. Damu mbichi, na mume wangu hakusikia chochote! Nikashika kichwa, machozi yakanitoka.

"Twende kituo cha afya leo hii," akasema Umulisa. "Kidonda bado kidogo, kitapona."

Tangu siku hiyo, kila jioni namshikia kioo aangalie nyayo. Anavaa viatu vya kufunika, na anavikung'uta kwanza. Dawa anameza, anatembea nusu saa, anakunywa maji. Baada ya miezi mitatu kidonda kilikuwa kimefunga, na kipimo kilisema saba na nusu.

Umulisa akaja na karatasi yake.

"Mzee, ulikagua miguu siku ngapi?"

Salvator akanitazama, akakuna kichwa. "Sita. Jumapili nilisahau."

Nilimkumbatia mbele ya mgeni, bila aibu. Ile sita niliipenda kuliko saba zake zote.