Honi ya Elia kibandani Katubuka

Yule polisi hakuwa na honi. Kila mtu Katubuka alilijua hilo, maana filamu ile ya zamani walikuwa wameikariri kuliko sala zao: polisi mwenye koti refu anaruka ndani ya gari la kahawia, jambazi anatimka na la kijani, wanafukuzana katikati ya jiji la watu mpaka unasahau kumeza mate. Matairi yanalia, meza za wauza samaki zinapinduka. Honi haipigwi hata mara moja. Jumapili ile jioni, gari la kahawia lilipokata kona ya sokoni, likapiga honi. Tena haikuwa honi ya gari. Ilikuwa ya pikipiki, ile nyembamba inayolia kama bata aliyekanyagwa.

Nje, mlangoni pa kibanda cha video, Honorata aliangusha kijiko ndani ya karai la mafuta. Alikuwa akikaanga mihogo pale kila siku. Honi ile aliijua. Mumewe, Elia, baba wa binti yake Happiness, alikuwa ameifunga kwenye bodaboda yake, na kila aliporudi kutoka Kalinzi aliipiga pale kwenye kona ili akute maji ya kuoga yametengwa.

Elia alikuwa kaburini tangu masika. Gari lilimgonga barabara ya Kalinzi, mvua ikinyesha, na dereva hakusimama. Wakulima wa kahawa walimkuta asubuhi mtaroni, bado hai, akiomba maji. Usiku kucha mtu analala mtaroni anaomba maji! Aliyemgonga angegeuza tu gari, Elia angekuwa anakula ugali wake leo. Mtu huyo hakujulikana, na Katubuka ilisikitika wiki moja kisha ikarudi kutazama filamu.

Na wala hawakuishia kusahau. Jumapili iliyotangulia, Meshack, mtafsiri wa kibanda, alifanya jambo ambalo watafsiri wote wanajua halifanywi. Kazi yake ni kushika maiki na kuwasemea wazungu wa kwenye picha kwa Kiswahili, na kila mmoja humpachika jina la mtu wa mtaani ili watu wacheke. Lakini humpi mtu wa kwenye picha jina la marehemu. Meshack akalewa vicheko, na gari la kahawia lilipotokea akapaza sauti: "Oyaa wana, huyo polisi ni Elia wa Kalinzi! Kafufuka, anamsaka aliyemgonga! Kanyaga mafuta, Elia!"

Kibanda kizima kikapasuka kwa vicheko, wakapiga miguu chini, na mjane wake yuko mlangoni anasikia. Watu wazima, wenye wake na watoto! Mmoja tu ndiye aliyeruka na kuzima spika: Gervasi, mwenye kibanda. Alimfokea Meshack mpaka mate yakamtoka. Honorata alilia, akamshika mkono. "Asante, kaka Gervasi. Wewe peke yako una utu." Na kweli, ndiye aliyetoa jeneza, ndiye aliyempa nafasi ya kukaangia bure.

Baada ya honi ile ya kwanza, mambo hayakukaa sawa tena. Kibanda kikaanza kunuka petroli na udongo uliolowa, wakati ni kiangazi na vumbi limetanda mpaka ziwani. Benchi la mbele likawa linaloa, wanalifuta, linaloa. Kisha Meshack, akiwa katikati ya kutafsiri, akanyamaza, kidevu kikamwangukia kifuani, na kwenye maiki ikatoka pumzi nzito ya mtu aliyevunjika mbavu, ikivuta na kukwama, ikivuta na kukwama, mpaka watu wakaanza kusukumana kuelekea mlangoni na wengine wakapita chini ya mabenchi, na nyuma yao, juu ya kelele zao zote, sauti ambayo si ya Meshack ikasema taratibu, "Nina kiu."

"Mawe! Mama yangu!" Honorata alipiga ukelele.

Wakamwita Bibi Kudra, mganga kutoka Ujiji. Alikuja mchana na chetezo chake na dumu la maji ya ziwa, akawafukuza wambea, akabaki na Meshack aliyekuwa ameketi macho meupe, na Honorata, na Gervasi.

"Shikamoo, Bibi," Gervasi alisema. "Mtoe, Bibi. Leo leo."

"Marahaba. Mimi simtoi," Bibi Kudra alisema, akitia ubani kwenye makaa. "Mmemwita kwa mzaha, na jini wa njia amemleta mgongoni. Ataondoka kwa neno la mwenye msiba tu. Mwanangu Honorata, mnyweshe. Kisha mwambie arudi akapumzike."

Ndipo televisheni ikawaka. Waya wake ulikuwa umening'inia ukutani, haujachomekwa popote. Gari la kijani likatokea likikimbia, la kahawia nyuma yake, na honi ikaanza kulia, kwanza mbali, kisha karibu, kisha ndani ya mabati, ndani ya mabenchi, ndani ya meno yao, nayo pumzi ya Meshack ikivuta na kukwama.

"Mwambie arudi, dada!" Gervasi alinong'ona. "Sema upesi! Unangoja nini?"

Honorata alimtazama. Mtu huyu aliwacheka waganga miaka yote. Sasa jasho lilikuwa likimchuruzika mpaka shingoni, na mkono mmoja umefumbata funguo za pikapu yake. "Mbona wewe ndiye mwenye haraka, kaka?"

Honi ikalia sikioni mwa Gervasi, naye akajikunja chini, akaziba masikio, akapiga yowe: "Nilidhani ni ng'ombe! Mvua ilikuwa kubwa, Elia! Nilidhani ni ng'ombe!"

Honorata akaikumbuka taa ya mbele ya pikapu, ya kushoto, iliyobadilishwa masika yale yale, nyeupe wakati mwenzake ni ya njano. Gervasi aliwaambia watu amegonga ng'ombe wa mtu huko Ilagala. Akalikumbuka jeneza. Akaikumbuka asante aliyompa kwa machozi yake mwenyewe, na hasira ikampanda mpaka vidole vikafa ganzi.

"Mwanangu," Bibi Kudra alisema kwa sauti ya chini, "sema arudi. Ukisema lingine, mimi simrudishi tena."

Honorata akamimina maji kwenye kikombe, akamwekea Meshack mdomoni. Yakanywewa yote kwa pupa. Akampangusa kidevu kwa kanga yake.

"Umekunywa, baba Happiness," alisema. "Sasa mfuate."

Honi ikakatika. Meshack akaanguka, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe. Kwenye picha, gari la kijani lilikuwa likikimbia peke yake, jambazi akitazama kioo cha nyuma, na nyuma yake barabara tupu.

Gervasi alitoka mbio, akawasha pikapu, akaondoka bila kufunga mlango. Wauza nyanya wa kando ya barabara walisema alipita kama kichaa, na nyuma yake hapakuwa na gari lolote, ila honi ya pikipiki. Yeye na pikapu yake hawajaonekana mpaka leo, si Kalinzi, si Ilagala.

Kibanda kilifungwa. Kilipofunguliwa tena na ndugu za Gervasi, watu waliidai filamu ile ile, maana watu hawana aibu. Meshack alikataa kushika maiki, ikachezeshwa hivyo hivyo. Gari la kahawia lilikuwa limerudi mahali pake. Lakini lililokuwa likikimbia mbele yake halikuwa la kijani. Ilikuwa pikapu, taa moja ya njano na moja nyeupe, na mtu ndani yake alikuwa akipiga kioo kwa ngumi na kufumbua mdomo bila sauti.

Mmoja akaruka kuizima.

"Iache," Honorata alisema. Alikuwa ameingia na sahani yake ya mihogo, akaketi benchi la mbele. "Ianzisheni tena."