Watu wa Dimbwini

Mvua ya Suva haibishi hodi. Jumamosi ile ilimkuta Titilia katikati ya barabara, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, gauni lake la njano limemganda mwilini. Ametoka kwenye kaunta ya duka la dawa alikoajiriwa, anaukimbilia ukumbi wa nyuma ya soko. Ndani, nyumba imejaa pomoni: mafuta ya nazi, bhajia, nguo mbichi, watoto chini ya meza, mzee mmoja na gitaa dogo la ukulele lililokatika uzi. Na ukutani, kutoka mlangoni hadi jukwaani, picha za wanawake wa kikundi cha Mkeka Mmoja.

Jina hilo lilitokana na mkeka waliokuwa wakitandaza picha zao nje ya soko, enzi hizo hawana hata msumari. Masharti yao machache: picha iwe ya mkono wako mwenyewe, bei iwe ile ambayo muuza mihogo ataimudu bila kumuuliza mumewe, na jina lako uliandike mgongoni mwa picha, mtu anunue kwa jicho lake, si kwa sifa za mtu. Ikinunuliwa hubandikwa kidoti chekundu pembeni, ikangoja ukutani mpaka siku ya kufunga maonyesho.

Titilia hakuwahi kupata kidoti cha haki. Vyote vilikuwa vya mashangazi na mabinamu, na kimoja cha mchungaji.

"Hiyo huruma, mwanangu," mama yake alimwambia. "Inanunuliwa damu yako. Brashi yako bado."

Basi akaapa moyoni: mwaka huu asipotokea mgeni wa kumnunulia picha, rangi zote anawapa watoto wa shule ya Jumapili.

Alipenya mabega ya watu, akainua macho. Picha yake ilikuwa palepale: dimbwi la mvua kituoni, juu viatu na ndala za wanaongoja basi, chini, ndani ya maji, watu wenyewe wamepinduka, pamoja na taa na mawingu yao. Na pembeni, kidoti chekundu.

"Roshni! Nani? Usiniambie shangazi Vani!"

Roshni, shoga yake, ndiye aliyetundika picha asubuhi. Bangili za kijani zilimlia mkononi, macho akayapeleka kwingine. "Si shangazi. Mwanamume tu. Hatumjui, hatujui kwao, hatumjui hata mama yake." Akapotelea kwenye umati.

Katika Suva, mtu ambaye mama yake hajulikani ndiye mgeni hasa. Titilia aliruka juu kwa furaha, akatua na kisigino juu ya mguu wa mtu.

"Uwii!"

"Pole! Pole sana, kaka!"

"Usijali dada, ninao mwingine." Alikuwa mrefu, shati la maua ya bluu limenyooka pasi, sulu nyeusi kiunoni kama kikoi, bhajia mkononi. "Ila hiyo ngoma ni ya nini?"

"Nimenunuliwa! Na mgeni! Si ndugu, si jirani. Unaelewa? Hajaniona hata siku moja!"

Yule mtu akaitazama picha, akakunja uso, akamtazama Titilia. Akafungua mdomo aseme neno, kisha akaujaza bhajia.

"Ana bahati huyo mgeni," akasema alipomaliza kutafuna.

Aliitwa Waisake, kinyozi wa mtaa wa Samabula. Kabla mvua haijakatika, namba za simu zilikuwa zimeshabadilishana mifuko.

"Hujambo, Bibi Kanyaga?" Waisake akampigia simu kesho yake.

"Sijambo, Mkasi. Mguu unaendeleaje?"

"Umevimba. Daktari kasema Jumapili utembezwe ukingoni mwa bahari, na wewe uushike mkono."

"Tangu lini mguu ukashikwa mkono?"

"Ndio ugonjwa wenyewe huo, laazizi."

Jumapili zikapita hivyo, laini kama usingizi wa mchana. Ghuba ilikuwa na rangi ya tumbo la kombe, taa za mji zinayeyuka kwenye unyevunyevu, na wao wawili bakuli moja la samaki wa nazi, kijiko kimoja. Titilia alikuwa akienda kazini anatabasamu peke yake, anawapa watu dawa ya kikohozi kana kwamba anawapa maua.

Doa lilikuwa moja tu. Kila akisema, "Leo nije dukani kwako," Waisake hujikuna. "Wale wazee wanaokuja kunywa kava pale, mpenzi, midomo yao! Tukutane kwingine."

"Shoga," Roshni akamtia maneno, "mwanamume anayeuficha mlango ana mtu nyuma ya mlango."

Ijumaa moja Titilia akaenda bila kualikwa. Duka lilifurika: mmoja kitini na povu shavuni, wazee mkekani wamelizunguka bakuli la kava, kifuu kinapita mkono kwa mkono. Na kwenye ukuta wa nyuma, kuvielekea vioo, picha yake. Imepinduliwa. Watu wa dimbwini wamesimama wima kama wenyeji wa mahali, na viatu vya kweli vinaning'inia chini yao kama mizizi.

"Karibu, binti!" akasema Mzee Penaia, mwenye kifuu. "Unaishangaa picha yetu? Huyu kijana haruhusu hata tuipulizie moshi."

"Kumbe mgeni ni wewe," Titilia akasema.

Wembe ukasimama hewani. "Titi, nisikilize..."

"Ulinunua picha au ulininunua mimi?"

"Picha!"

"Picha gani, na wewe hujui hata juu yake ni wapi? Umeisimamisha kwa kichwa, Waisake! Mtu aliyeitazama walau mara moja angefanya hivi?"

"Ndivyo ilivyokuwa nilipoinunua!"

"Na uongo juu yake! Roshni ndiye aliyeitundika, na Roshni si kipofu."

Akatoka. Nyuma yake akamsikia Mzee Penaia akinung'unika, "Mngesema mapema, tungekuwa tunaitazama tumeinama."

Simu ikalia, ikalia, akaifunika kwa mto. Uongo wa kinyozi haukumuuma kama kile kidoti. Aliyekuja na pesa alikuwa mchumba, basi mama alisema kweli. Alizipanga rangi kwenye boksi la sabuni, akaandika juu yake "Shule ya Jumapili", na chumba kikanukia mvua tu.

Roshni alikuja kuchukua kazi za maonyesho mapya. "Picha zako ziko wapi?"

"Sina. Mgeni wangu alikuwa Waisake. Ananitongoza kwa kidoti. Halafu kaitundika dukani, watu juu, viatu chini."

Roshni akaketi juu ya boksi taratibu. "Watu juu, viatu chini?"

"Nimesema."

"Nimekwisha mimi! Titi, nisamehe. Mimi ndiye. Asubuhi ile nina haraka, naona watu wamesimama kwa kichwa, nikasema huyu Titi kaifunga waya vibaya. Nikaigeuza. Akaingia mwanamume wa kwanza, bado nafagia. Kasimama pale mpaka nikamfagia miguu. Akalipa, akaenda kutafuta bhajia. Naishusha kusoma jina lako mgongoni, naona na mshale wa 'juu' unaelekea chini! Nikairudisha sawa kabla hujafika, nikanyamaza. Aibu, shoga."

"Saa hizo mimi nilikuwa wapi?"

"Si dukani, unahesabu vidonge!"

"Alikuwa hajaniona," Titilia akasema polepole.

"Angekuonea wapi?"

Kwetu msamaha hauendi mikono mitupu. Titilia alinunua fungu la mizizi ya kava, akalibeba kifuani kama mtoto hadi Samabula. Mkasi ulisimama alipoingia. Akapiga magoti mkekani, akaliweka fungu mbele ya Mzee Penaia. "Nimekuja kwa aliyeitwa mwongo, naye si mwongo."

Mzee akapiga makofi mazito ya viganja vilivyokunjwa. "Limepokelewa. Waisake, acha hicho kichwa."

"Nusu kichwa!" mteja akalalamika.

Waisake akamwongoza hadi kiti cha pili, akamketisha, akakilaza nyuma kabisa, kama cha kunyolea ndevu. Kichwa cha Titilia kikaning'inia, ukuta wa nyuma ukapinduka, na viatu vya pichani vikarudi juu.

"Sasa naiona yangu," akanong'ona. "Na wewe unaona nini?"

"Watu waliolowa mpaka mvua ikawa kwao. Wamesimama humo, wanaringa."

"Kwa nini hukuniambia, Mkasi?"

"Uliruka kwa ajili ya mgeni. Sikutaka kukunyang'anya mgeni wako." Akainama, uso wake ukaja umepinduka, mzuri vilevile. "Ila nina swali, Kanyaga. Nyumbani kwetu tutaitundikaje?"

"Kwetu?" akafoka mwenye nusu kichwa. "Kasema kwetu!"

"Kimya, tunasikiliza," akasema Mzee Penaia.

Machozi yakamtoka Titilia, na kwa vile alivyolala, yakapanda juu, yakapotelea kwenye nywele.

"Msumari mmoja," akasema, "na kitanzi cha waya katikati kabisa ya mgongo wa picha. Tuwe tunaizungusha."