Etaji ya Guelord ku Kilima Musanza

Jua ilikuwa inashuka wakati nilipanda kilima Musanza na kopo ya rangi nyekundu mu mukono. Kazi yangu njo ile: mi ni agent wa urbanisme. Nyumba yenye kujengwa pasipo ruhusa, ninaipiga musalaba ku ukuta, kisha masini inakuja kuvunja. Na ku Musanza sheria haina maneno mingi: juu ya kilima hakuna kujenga. Kilima ikae wazi, batu baione.

Chini yake kuko makaburi. Sisi batu ya hapa tunalazaka marehemu betu uso ku Musanza. Mama yangu Kabedi analala pale, na mi njo nilimugeuza uso aangalie kilima.

Halafu anakuja Guelord, muchuuzi wa cobalt, anasimamisha etaji yake, nyumba ya gorofa, kati ya mama yangu na kichwa ya kilima. Vioo mikubwa, sababu bwana anapenda vue, kuangalia bonde mpaka mbali. Nilipiga musalaba, akapaka chokaa juu yake. Nikapiga tena, akapaka tena.

"Agent Kalumba," aliniambia, "bale bamekufa banaona nini?"

Akacheka. Ile kicheko iliniingia mu tumbo, haijatoka mpaka leo.

Basi ile magaribi nilikuwa ninarudia kupiga musalaba. Nilipofika ku ukuta, harufu ikanipiga. Udongo. Udongo mubichi, ya shimo yenye kuchimbwa sasa hivi... na hakuna mutu alikuwa anachimba.

Kisha sauti. Shwa... shwa...

Mwanamuke mumoja alikuwa amenipa mugongo. Alikuwa anapapasa ukuta na mikono mbili, polepole, sawa vile mutu anatafuta mulango mu giza. Kitambaa ya kichwa niliijua. Tulimuzika nayo.

"Kalumba," alinongona. "Nani aliweka kitu mbele ya macho yangu?"

Hasira yangu ilikuwa mingi kupita woga.

"Guelord, mama. Eko ndani, mu salon."

Mama aliweka viganja ku kioo.

Ndani, Guelord alikuwa anakunywa bia, anaangalia bonde yake. Chupa ikaanguka.

"Huguette," aliita muke yake, sauti ndogo. "Huguette... nani ameniwekea udongo mu macho?"

Nilipoangalia tena, mama hakukuwa pale. Ku kioo kulibaki alama ya vidole.

Munganga wa hospitali anasema macho ya Guelord ni mazima. Guelord mwenyewe anasema haiko giza. Anaona. Anaona udongo tu, karibu na pua, asubuhi mpaka magaribi.

Juzi Huguette alikuja ku ofisi, akapiga magoti.

"Tata Kalumba, vunja nyumba. Tunakuomba. Labda ataona tena."

Masini ilikuwa tayari, inangojea neno yangu.

"Dossier ya kuvunja itangojea, mama Huguette," nilimujibu. "Guelord aangalie kwanza. Aangalie muzuri."

Nilisikia utamu, sitadanganya. Niliusikia mpaka ku nyumba, mpaka mu usingizi. Lakini etaji ingali inasimama, na nyuma yake mama yangu haoni kitu. Ile sikuifikiria.

Leo asubuhi, nikinawa uso, niliona kitu ya rangi ya kahawia mu pembe ya jicho ya kushoto. Nilisugua na maji. Nilisugua na sabuni.

Magaribi hii ile udongo imefika katikati ya jicho.

Nimepigia mwenye masini simu. Anasema itakuja kesho kutwa, ikiwa mafuta inapatikana.