Kasi Aliyoiongeza Sindano

Kila siku ya shule, saa moja kasorobo asubuhi, Sindano alikuwa ameshafungua chumba cha kompyuta. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu alikuwa mwembamba, na kwa sababu maneno yake yalichoma. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alianza kwa kufungua madirisha, kisha akapitisha brashi kuukuu ya rangi kwenye matundu ya hewa ya kompyuta zote kumi na moja, akitoa vumbi. Kompyuta hizo zilimzidi umri. Mbili zilinguruma mchana kutwa, na moja haikuwaka mpaka uibembeleze kwa kofi la ubavuni.

Alipomaliza, alisoma kwenye skrini kazi iliyofanyika. Klabu ya kompyuta ya shule ilikuwa imejiunga na mradi wa kujitolea wa watafiti waliokuwa wakisaka dawa mpya ya kifua kikuu. Watafiti hao walikuwa na mahesabu mengi kupita uwezo wa mashine zao, kwa hiyo waliyakata vipande vipande na kuwatumia watu wa kila mahali kupitia intaneti. Kompyuta yako ikiwa haina shughuli, inakokotoa kipande kimoja, inarudisha jibu, inachukua kingine. Kila jibu sahihi lina pointi zake.

Sindano ndiye aliyeugundua mradi huo, akamshawishi mwalimu wa kompyuta, akaweka programu kwenye mashine zote kwa jina lake. Kwa mihula miwili jina lake lilikaa juu kabisa kwenye orodha ya pointi iliyoandikwa ubaoni. Aliyekuwa juu mwisho wa muhula ndiye aliyekuwa nahodha wa klabu na mtunza ufunguo wa chumba. Sindano aliuvaa ufunguo huo shingoni kwa utepe, na hata nyumbani hakuuvua mpaka mama yake agombe.

Kisha Turbo akajiunga na klabu.

Turbo alikuwa binamu yake, mtoto wa mjomba wake, na walisoma darasa moja. Aliitwa Turbo kwa kuwa alianza kukimbia kabla hajaambiwa wapi. Baba yake alikuwa fundi wa kuhariri video za harusi na mikutano, na kwa kazi hiyo alinunua kompyuta yenye kadi kubwa ya michoro, yaani kile kifaa cha ndani kinachochora picha za kwenye skrini. Turbo aliomba ruhusa ya kuitumia kompyuta hiyo wakati baba yake hahariri kitu. Siku ya nne tu, kadi moja ikawa imezipita kompyuta kumi na moja.

"Sielewi, mwalimu," Sindano alisema. "Moja inashindaje kumi na moja?"

"Njoo hapa mbele," mwalimu wa kompyuta alimjibu. "Kompyuta zako zinakokotoa kwa prosesa, ule ubongo wake. Leo wewe ni prosesa." Akamwandikia ubaoni hesabu arobaini za kuzidisha. Kisha akawagawia wanafunzi arobaini hesabu hizo hizo, kila mmoja moja. "Nyinyi ni kadi ya michoro. Haya, anzeni."

Kwa hesabu, darasani hakuna aliyemfikia Sindano. Hata hivyo, alikuwa kwenye hesabu ya tatu pale darasa zima liliponyoosha mikono kwamba limemaliza.

"Mmeona?" mwalimu alisema. "Prosesa ni mjuzi wa kazi za kila aina, lakini inafanya chache kwa wakati mmoja. Kadi ina wafanyakazi wadogo wadogo mamia kwa mamia. Kila mmoja hajui mengi, ila wote wanafanya kwa pamoja. Kazi ikigawanyika vizuri, kadi inashinda. Lakini kuna kazi ambayo kila hatua inasubiri jibu la hatua iliyotangulia, na hapo prosesa..."

Hakuna aliyesikia mwisho wa sentensi hiyo. Turbo alikuwa amefika ubaoni, amelifuta jina la Sindano kwa kiwiko, na ameandika lake juu. Akapinda mgongo, akatembea kwa kujikongoja kama mkongwe, akisoma kwa sauti ya kutetemeka, "Sa... ba... ma... ra... na... ne..." Akasimama mbele ya binamu yake na kuinama. "Shikamoo, bibi prosesa. Muhula ukiisha nakuja kuchukua ufunguo wangu. Usije ukazeeka nao shingoni."

Darasa likavunjika mbavu. Rafiki yake Sindano, aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, alicheka mpaka akafuta machozi. Mwalimu alimkemea Turbo, lakini Sindano aliuona mdomo wa mwalimu ukicheza kwa kicheko kabla ya kukemea. Hilo ndilo lililomkata maini.

"Atanitambua," alijiambia njiani kurudi nyumbani. Wiki nzima alikiwaza kisasi kuliko masomo. Alikipanga akioga, alikipanga akifagia, na mwalimu wa jiografia alipomuuliza swali alijibu jambo jingine kabisa.

Njia aliipata kwenye ukurasa wa matangazo wa mradi. Watafiti waliwaonya wanachama hivi: wapo watu wanaoongeza kasi ya kadi zao kupita kiwango cha kiwandani ili michezo ya kompyuta iende haraka. Kwenye mchezo, kadi ikikosea ni nukta moja ya rangi isiyoonekana na mtu. Kwenye mahesabu, kadi ikikosea ni jibu la uongo. Tafadhali, msifanye hivyo. Sindano aliusoma ujumbe huo mara tatu, na mara zote tatu neno "tafadhali" halikumwingia.

Kila Jumamosi alikwenda kwa mjomba wake kumsaidia kunakili video zilizokamilika na kuandika vibandiko vya majina ya wateja. Mjomba alikuwa amempa neno la siri la kompyuta yake, jambo ambalo hakumfanyia hata Turbo. Turbo alifunguliwa kompyuta na baba yake. "Huyu mpwa wangu namwamini kuliko mikono yangu," mjomba aliwaambia wateja.

Jumamosi hiyo mjomba alitoka kumpelekea mteja video yake, na Turbo alikuwa uwanjani na mpira. Sindano alifungua programu ya kuongoza kadi, akaisukuma alama ya kasi kulia kidogo, kisha kidogo tena, mpaka feni ikaanza kulia kwa sauti nyembamba. Akafunga programu, akarudi kwenye vibandiko vyake. Mwandiko wake siku hiyo ulikuwa mzuri ajabu. Tusimsingizie majuto ambayo hakuwa nayo. Alifurahi.

Jumatatu pointi za Turbo zilipanda kuliko siku zote, kwa maana kadi iliyoongezwa kasi inakosea haraka. Turbo alitembea kifua mbele.

"Hongera, binamu," Sindano alimwambia kwa sauti tamu.

Turbo angekuwa na akili, angeiogopa sauti hiyo. Mradi ulikuwa na utaratibu wake: pointi zilihesabiwa mara jibu lilipofika, lakini kila kipande kilitumwa kwa mashine mbili tofauti, na majibu yasipolingana, mashine ya tatu iliamua nani amekosea, na pointi zake zikafutwa. Kwa hiyo ukweli ulichelewa siku mbili. Jumatano pointi za Turbo zilianza kushuka. Alhamisi alikuwa na sifuri. Ijumaa mwalimu wa kompyuta aliingia klabuni na karatasi mkononi, akasoma barua pepe ya watafiti. Mwanachama mmoja wa timu ya shule alikuwa ameleta majibu mia mbili kumi na mawili yasiyo sahihi. Timu nzima ilisimamishwa mpaka maelezo yapatikane.

"Turbo," mwalimu alisema, "ulichezea programu ili upate pointi za haraka?"

"Sijagusa kitu, mwalimu. Kweli tena."

"Kompyuta haikai ikajitungia uongo. Nakupa mpaka Jumatatu. Usiponieleza, unatoka kwenye klabu."

"Mwizi wa pointi," mtu alinong'ona nyuma, na kicheko kikapita chumba kizima. Yule rafiki wa dawati alicheka vilevile kama mara ya kwanza. Sindano alikuwa ameungoja utamu wa saa hiyo kwa wiki mbili, na utamu ulikuja kweli, tena tele. Alirudi nyumbani akiimba, ufunguo ukimgonga kifuani.

Jumamosi alimkuta mjomba ameifungua kompyuta juu ya meza, kadi iko mikononi mwake. Turbo alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, macho yamemvimba.

"Afadhali umekuja, mpwa wangu," mjomba alisema. "Jana nimemgombeza huyu mpaka nikamwita mwongo. Leo asubuhi nafungua video ya mteja, naona madoa ya kijani usoni kwa bibi harusi. Kumbe kadi ni mbovu. Niliinunua ikiwa imetumika, kwa hiyo kosa ni langu, na mwanangu nimemtaka radhi. Jumatatu nakwenda shuleni kumwambia mwalimu. Hebu nimulikie."

Sindano alishika tochi. Mjomba aliigeuza kadi polepole, uso karibu kabisa.

"Wewe una macho makali. Unaona palipoungua?"

Hakuona kitu, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kimeungua. Mjomba aliendelea kutafuta, akikwaruza kwa ukucha, akijilaumu kwa sauti ya chini kwamba ubahili wake umemponza mtoto. Sindano akaishusha tochi.

"Mjomba, kadi si mbovu. Ni mimi. Jumamosi iliyopita niliiongeza kasi."

Mjomba aliilaza kadi juu ya kitambaa. "Kwa bahati mbaya?" aliuliza taratibu, na ilionekana wazi kwamba alikuwa anaomba ajibiwe ndiyo.

"Kwa makusudi."

Turbo aliruka kutoka sakafuni. "Wameniita mwizi! Darasa zima!"

"Na wewe ulinigeuza kikongwe mbele ya darasa hilo hilo," Sindano alisema. "Ukanifuta ubaoni."

"Mimi nilikuwa natania."

"Mimi sikuwa natania."

"Kaeni chini, wote wawili," mjomba alisema. Hakupaza sauti, na hilo liliwatisha zaidi. "Turbo alikukosea, sikatai, na mimi na yeye tutaongea. Ungekuja ukamgombeza hapa mbele yangu, ningekuunga mkono. Lakini wewe hukumpiga Turbo, umeipiga kazi. Kazi ilikukosea nini? Kuna mtafiti amepoteza siku zake kuchambua uongo wako. Kuna mgonjwa anakohoa akiisubiri dawa hiyo. Hao mna ugomvi gani nao?"

Mjomba aliirudisha kadi mahali pake, akaiwasha kompyuta, akashusha kasi. Kisha akaigeuza skrini pembeni na kubadilisha neno la siri. Sindano alisikia vidole vikigonga herufi nane, na angependelea kuchapwa.

Jumatatu alisimama mbele ya klabu akasema yote, bila kupunguza. Safari hii hakuna aliyecheka. Alivua utepe shingoni, akamkabidhi mwalimu ufunguo kabla hajaombwa, na akaomba vile vipande mia mbili kumi na viwili avikokotoe upya kwa zile kompyuta kumi na moja, bila pointi. Watafiti wakakubali na kuirudisha timu.

Ilikuwa kazi ya kuchosha. Kadi ingemaliza kwa siku chache. Prosesa zilikwenda kwa mwendo wake. Sasa ni Turbo aliyefurahi. Kila asubuhi alichungulia dirishani na kuuliza, "Umebakiza ngapi?" Sindano alitaja idadi, Turbo akaenda zake akipiga mluzi. Alilipiza hivyo wiki nne mfululizo, na Sindano alivumilia, maana hakuwa na pa kulalamika.

Wiki ya tano kompyuta mbili zilikufa siku moja. Turbo alichungulia, akauliza kama kawaida.

"Thelathini na nne," Sindano alisema, bila kuinua kichwa.

Mluzi haukusikika. Turbo aliingia ndani, akavuta kiti. "Nipe kumi na saba. Baba amekubali." Akachokonoa kona ya meza. "Ile siku ya ubaoni... sikuwa natania. Nilitaka uone aibu."

"Niliona," Sindano alisema. Kisha akamgawia vipande kumi na saba.

Ijumaa ile mwalimu aliisoma barua pepe ya watafiti: majibu yote mia mbili kumi na mawili yamelingana, yamepokelewa. Wanafunzi walipotoka, alimbakiza Sindano.

"Kuongeza kasi ya kadi ile kulikuchukua muda gani?"

"Dakika mbili, mwalimu."

"Na kurekebisha?"

"Wiki tano." Alifikiri kidogo. "Na mjomba bado hajanipa neno la siri."

"Huenda asikupe mwaka huu," mwalimu alisema. "Mimi nami nilicheka siku ile, na nilikosa. Hasira yako ilikuwa na haki, Sindano. Lakini siku nyingine ikikupanda, nenda kaitamke mbele ya aliyekukosea, halafu kazi yako iache ikiwa safi. Mtu anayekuchukia anaweza kukuchafulia jina. Uaminifu wako hawezi kuugusa, mpaka wewe mwenyewe umpe."