Sauti ya Sita Katika Kaseti ya Kwaya

Kwaya ya kina Mbinya ilikuwa na wanawake watano. Watano tu, hata mtoto wa chekechea angewahesabu. Lakini kaseti waliyotengenezewa na Ndululu ilikuwa na sauti sita.

"Mama Mumo," Mbinya alimwambia Syokau, mke wa Ndululu, walipokutana soko la Emali mwaka huo wa 1983, "huyo wa sita mzee wako alimtoa wapi? Anaimba chini chini, tena si wimbo wetu."

Syokau alicheka kidogo, akafunga leso vizuri, lakini moyo ulikuwa umeshachafuka. Kazi ya Ndululu ilikuwa kuhamisha nyimbo: unamletea santuri, ama tepu kubwa la magurudumu, naye anakuwekea kwenye kaseti. Kazi ya kukaa peke yake chumbani, mlango umefungwa, ati kelele za malori zisiingie. Ati malori! Syokau akaanza kuunganisha mambo. Wiki mbili mume hali vizuri. Shati lake linanuka ugoro, na tangu aokoke hajagusa ugoro. Kumbe kuna mwanamke mwingine, tena wa kunusa ugoro! Hasira na aibu vilimpanda pamoja.

Kesho yake saa saba mchana akaenda dukani kwa Ndululu bila kuaga mtu, akasimama nje ya mlango. Ndani, mwanamke alikuwa akiongea polepole, Kikamba cha watu wa kale, na Ndululu anamwitikia, "Ii, mwaitu," kama mtoto anayetumwa na mamake.

"Uko na nani?" Syokau aliuliza, akausukuma mlango.

Ndululu alikuwa peke yake. Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Alimgeukia mkewe, akafungua mdomo, na ile sauti ya mwanamke ikatoka humo humo mdomoni mwake, imekauka, imechoka: "Nionyesheni pa kukaa."

Watu wa Pwani wangesema ni jini. Syokau hakuwa na jina la kuipa sauti hiyo. Alimshika mumewe mabega, akamtikisa, akaliitia jina la Yesu mpaka sauti ikamkauka, na Ndululu akarudi kidogo, akaanza kulia.

"Ni lile tepu la Mzee Nzomo wa Kilungu," alinong'ona. "Mama yake alirekodiwa akicheza kilumi kabla ya uhuru. Kaseti ilijaa ngoma ikiwa katikati. Nikakata hapo. Nzomo mwenyewe alisema inatosha. Sisi ni watu wa kanisa, Mama Mumo, nani angejali mwisho wake?"

Nyanya yake Syokau aliicheza hiyo kilumi, ngoma ya kuita pepo, na hata yeye aliyeokoka alijua kwamba haikatwi. Pepo akishaitwa, lazima aimbiwe wimbo wa kumrudisha. Aliogopa kumpoteza Ndululu kuliko alivyoogopa mchungaji, kwa hivyo akaenda Mbumbuni kumleta bibi Kalunde, aliyekuwa bado anaipiga.

Kalunde aliingia saa kumi, akavuta hewa puani mara moja tu. "Mmemwita mgeni mkamwacha njiani," alisema. "Sikilizeni. Kila mahali alipoitwa, ngoma imalizwe hapo hapo. Msikate tena."

Ndululu akaweka tepu, akabonyeza, na ngoma ikaanza pale ilipokatwa, ikapanda, na harufu ya ugoro na ya ngozi ya mbuzi iliyolowa ikajaa chumba, na kifua cha Ndululu kikawa kinapanda na kushuka na ngoma, na mdomo wake ukaimba na yule mama wa kwenye tepu, sauti mbili za mwanamke mmoja, mpaka wimbo wa kurudisha ukaingia, mtulivu, mrefu, na sauti moja ikafifia, halafu ya pili, halafu gurudumu likabaki likizunguka tupu.

"Nina njaa," Ndululu alisema. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Syokau alilia kwa furaha bila aibu. Kalunde akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Ni wakati wa kuzima mashine ndipo Syokau alipoona kitufe chekundu. Kilikuwa kimebonyezwa. Katika miaka yake yote ya kazi Ndululu hakuwahi kucheza tepu bila kulirekodi, na vidole vilifanya vilivyozoea. Ndani ya mashine ya kaseti kulikuwa na kaseti ya kwaya, iliyorudishwa na Mbinya, imejaa, imesimama.

"Baba Mumo," aliuliza polepole, "hii ilijaa kabla ya wimbo wa kurudisha, ama baada?"

Ndululu alikuwa akimtazama mkewe na kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Syokau akasikia harufu ya ugoro, karibu sana, ndani ya pua zake mwenyewe.

"Syokau," mumewe alinong'ona, "uko na nani?"